Nilivyomsaidia khalati kuingia benki ya kwenye simu

Khalati yangu, dadake mama, hushona kofia za mkono hapa Langoni, Lamu, na wateja wake wengi wako Mombasa. Alitaka benki ya kwenye simu ili pesa zake azitoe mwenyewe. Kumsaidia kukaniangukia mimi.

Kabla ya kupakua chochote nilimwambia apige *106#, kwa kuwa laini yake ni ya Safaricom, tuone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ile anayoitumia kila siku haimo! Ilikuwa kwa jina la mjukuu, aliyemnunulia zamani. Hapo ndipo palipokuwa na kazi hasa. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na mwenye jina ndiye anayeweza kwenda dukani kudai laini mpya ya namba ileile. Mjukuu ni mtoto mwema, lakini wema si usajili. Wakaenda wote wawili na vitambulisho vyao, laini ikahamishiwa jina la khalati.

Kitambulisho tulikipiga picha mbele na nyuma, flashi ikiwa imezimwa ili mng'ao usifute tarakimu. Uso ndio uliotuchelewesha. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, ukumbini kiza, kamera haimwoni. Tukatoka kiwandani, yaani uani, wageni wakaombwa watupishe, akavua ninja ya kufunika uso akabaki na mtandio. Programu ikamtaka apepese macho, kisha ageuze kichwa. Hivyo ndivyo inavyohakikisha kuwa mbele yake yuko mtu hai, si picha iliyoshikwa mkononi.

"Yaniamrisha kama somo anayemfunda bi harusi!" akasema, akicheka, na kicheko kikatulazimu tuanze upya.

Kwenye namba ya siri nilimwachia simu nikageuka. Alikuwa ameniambia ataweka mwaka wake wa kuzaliwa. Nikamkataza: mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, na mwizi atakayekiokota ataujaribu mwanzo. Akachagua nyingine, sijui gani, na sitaki kujua.

Namba ya SMS ndiyo niliyomsisitizia zaidi. Haisomewi mtu kwenye simu, hata akijiita wa benki, hata akimtaja kwa jina la babake.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Hata mimi, khalati."

Akaitika, akaifunga simu kwenye leso.