Kumbukumbu ya mradi: kava ya SHUSHA imenila wiki tatu

Jumapili, usiku, Tabata

Gemu yangu ya kutisha sasa inachezeka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kwa wageni: wewe ni abiria kwenye kipanya cha mwisho kutoka Kariakoo kwenda Gongo la Mboto. Konda anaita vituo kama kawaida, "Buguruni wapo? Banana wapo?", na kuna sauti nyuma inaitikia "wapo". Ukigeuka, viti vya nyuma havina mtu. Hakuna bunduki wala kukimbizana.

Kilichobaki ni kile nilichokuwa nakikwepa, yaani kava ya dukani. Nimekaa siku nne kwenye Krita, programu ya kuchorea, nikachora kila kitu: kipanya kizima, lami iliyolowa mvua, mwezi, minazi, konda kaning'inia mlangoni, macho mekundu kwenye kioo cha nyuma, na juu kabisa jina, Usiku wa Daladala ya Mwisho. Nilivyoipenda, nikaiweka iwe picha ya mbele ya laptopu.

Ndipo nikarudi kusoma vipimo vya kava vya Steam, duka la gemu la mtandaoni, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza ningekuwa na akili. Picha kuu ni pikseli 1232 kwa 706, ya juu ya ukurasa wa gemu 920 kwa 430, ya wima 748 kwa 896, na ndogo 462 kwa 174. Hiyo ndogo ndiyo kiboko, maana wao wenyewe wanaipunguza tena mpaka 184 kwa 69, halafu 120 kwa 45. Nikapunguza yangu. Konda hayupo, mwezi umegeuka doa, macho yamemezwa. Jina lina herufi 23 na nafasi nne. Ukilipanga kwa mstari mmoja ndani ya pikseli 120, kila herufi inapata pikseli nne na ushee. Hapo hata jina lako mwenyewe hulisomi.

Picha ya mbele ya laptopu nimeirudisha ile ya zamani.

Jumatano

Leo nilipita gereji moja Buguruni, kuna mzee anayeandika maandishi ya daladala. Nilikwenda kupiga picha za rangi za bodi, sikwenda kuomba ushauri. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza ninachofanya, nikamwonyesha kava kwenye simu. Akaichukua, akaisimamisha juu ya tairi, akatembea mpaka upande wa pili wa uwanja, akageuka.

"Kijana wangu, huku sioni kitu."

Kisha akanionyesha kazi yake. Gari lilikuwa limeandikwa ubavuni G/MBOTO – K/KOO. Anaanza na mwili wa herufi kwa brashi pana, anaacha ukauke, ndipo anazungusha ukingo mweusi kwa brashi nyembamba. Mwili wa njano, ukingo mweusi, juu ya bodi nyeupe. Nikamuuliza mbona herufi zimeachana hivyo, nafasi si inaisha? Akasema abiria anasoma gari likiwa bado linakimbia, na herufi zikibanana macho yanaona mstari tu. Ndiyo maana Gongo la Mboto inakatwa kuwa G/MBOTO, hakuna anayelalamika, kila mtu anajua anakwenda wapi.

"Jina lako refu sana. Lingekuwa gari ningekuambia ukate."

Rangi anayotumia ni ya mafuta, ile ile ya kung'aa. Nikamkumbuka mchoraji Edward Saidi Tingatinga pale Oyster Bay mwaka 1968, na rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi: mnyama mmoja mkubwa, nyuma yake rangi tupu. Sisi tulikua tunaziona picha za namna hiyo kila duka la watalii mpaka tukazichoka, na leo nagundua ukiipunguza mojawapo iwe saizi ya kucha bado unamjua chui ni chui.

Njiani kurudi, kwenye gari, dada mmoja kiti cha mbele akasema "shusha!" na konda akagonga bodi. Nikashuka kituo hicho hicho, si changu, ili niandike. SHUSHA, ndilo jina jipya la gemu. Herufi sita. Kwenye pikseli 120 kila moja inapata kama 17 hata ukiacha pembeni kidogo. Halafu ndiyo neno lenyewe ambalo mchezaji analitafuta gemu nzima, maana ukilitamka mapema anashuka mtu mwingine badala yako.

Mgeni wa Ulaya hatalielewa, najua. Maelezo mafupi ya ukurasa yatambeba.

Jumamosi

Kosa jipya, na hili linawahusu wote tunaotengeneza gemu za kutisha. Ukurasa wa Steam una rangi ya bluu iliyokolea, karibu na usiku. Kava yangu nyeusi juu yake haionekani kama giza, inaonekana kama pengo ambalo picha imekataa kufunguka kwa sababu bando limeisha. Nilipiga picha ya matokeo ya kutafuta gemu za kutisha nikaihesabia rangi: nyeusi na nyekundu, nyeusi na nyekundu, uso unaopiga kelele, nyeusi na nyekundu.

Kwa hiyo nimehama. Vipanya vingi usiku vina taa za rangi ndani, za kijani au bluu, zinazofanya kila abiria aonekane mgonjwa. Nimechukua kijani ile ikajaza nyuma yote, giza likabaki kwa kitu kimoja cha mbele. Sasa kava inawaka kati ya zile nyingine.

Nikaibandika yangu katikati ya ile picha ya matokeo, nikampa mpwa wangu simu kwa sekunde moja, nikaigeuza.

"Umeona nini?"

"Gari la kijani. Ni ya mashindano, anko?"

Mama chapati wa mtaani kwetu naye kasema gari. Fundi simu kasema gari, akauliza kama unaweza kubadilisha rimu. Watatu kwa watatu. Ukichora gari unauza gemu ya gari, hata ukimwaga kijani cha namna gani.

Jumanne

Gari nimelitoa. Limebaki kwenye picha za ndani.

Kitu cha mbele sasa ni mkono wa konda. Anayepanda daladala anaujua: noti zimekunjwa kwa urefu, zimebanwa katikati ya vidole kama feni, sarafu kiganjani zinachezeshwa ili zilie. Unakuja usoni kwako, unataka nauli. Nimeuchora ukitokea kulia, mweusi, kijani ikipenya kwenye nafasi za vidole, noti zikiwa ndiyo kitu pekee chenye njano.

Nilimpa vidole sita. Nilijiona mjanja sana.

Jamaa watano niliowatumia, watatu wamejibu kitu kile kile: "hii umetengeneza na AI?" Siku nne za kuchora kwa mkono! Miaka kumi iliyopita kidole cha sita kingetisha, leo kinamaanisha mashine imekosea kuhesabu. Na Steam, tangu Januari 2024, wanataka utaje kama umetumia AI, kwa hiyo watu wanatafuta dalili. Isitoshe, kwenye 120 kwa 45 hakuna anayehesabu vidole.

Nimerudisha vitano. Nimeviongezea pingili moja kila kimoja. Kwenye picha ndogo unaona tu mkono mrefu kupita kiasi, na kwenye kubwa unakaa kidogo kabla hujajua kinachokusumbua ni nini.

Ijumaa

Jaribio la sekunde moja tena. Mpwa: "Mkono. Mtu anataka kunishika." Mama chapati alirudisha kichwa nyuma, akasema niondoe uchawi wangu mezani kwake. Fundi simu kasema, "konda". Hata hakusema mkono.

Nilitaka kubandika kona moja maneno "Imetengenezwa Bongo". Hairuhusiwi. Tangu Septemba 2022 kwenye kava za Steam inaruhusiwa sanaa ya gemu, jina na jina dogo rasmi basi, hakuna tuzo, nyota wala punguzo la bei. Kwa itch.io, tovuti nyingine ya gemu ambako naweka onyesho la bure, nimekata 630 kwa 500, na hapo mkono umebidi uinuke kidogo usifunikwe na jina.

Kwenye ile ndogo kabisa nimeufuta mkono wote isipokuwa ncha za vidole zikigusa herufi ya mwisho. Jina linajaza kisanduku. Njano, ukingo mweusi, herufi zimeachana. Tatizo lililobaki ni tundu la A, linaziba likishuka mpaka 120, kwa hiyo nalipanua pikseli moja moja nikiwa nimesimama mbali na laptopu kama yule mzee.

Bado ile picha pana ya maktaba ya mchezaji ndani ya Steam, 3840 kwa 1240, isiyotakiwa maandishi yoyote. Mkono haujai humo. Nafikiria safu ya viti vya nyuma, vitupu, na kimoja sponji yake imebonyea.