Kisu cha kukunja hufia kwenye bawaba

Fungua kisu cha kukunja karibu na sikio, polepole. Kikiwa kizima utasikia mlio mmoja mkavu pale kengee, yaani bapa lenye makali, inapokaa mahali pake. Kikiwa kimeanza kuliwa, kabla ya mlio huo utasikia mkwaruzo mdogo, kama mchanga chini ya kandambili. Mkwaruzo huo ni kutu iliyo ndani ya bawaba. Makali yanaweza kuwa yananyoa nywele za mkono, lakini kisu hicho kimeshaanza kufa.

Hapa Tanga hili ndilo jambo la kwanza kwa mtu anayekusanya visu vya jadi na kutembea navyo kila siku. Nasema visu vya jadi nikimaanisha vile visivyo na skrubu: kengee moja hadi tatu, mara nyingi springi mgongoni, mpini wa mti, pembe, mfupa au bati, na misumari iliyogongwa pande zote mbili. Huwezi kukifungua vipande vipande kama unavyofungua cherehani. Kinachoingia ndani lazima kitokee pale pale kilipoingilia.

Mwisho mnene wa kengee, ule unaobaki ndani ya mpini, nitauita kitako. Kitako kimetobolewa na msumari umepita hapo. Springi inakibana kwa juu, na kila upande kinasuguana na bati nyembamba, mara nyingi ya shaba ya manjano. Nafasi kati ya kitako na bati ni ya unene wa karatasi. Nafasi finyu kiasi hicho hunyonya maji yenyewe na kuyakalia. Ongeza jasho la mfukoni, upepo wa bahari, na vumbi la nyuzi za nguo linaloshika unyevu kama sponji. Shaba na chuma vikiloana pamoja kwa maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholika. Kwa hiyo kisu chenye bati za shaba, ambacho machoni ni kizuri zaidi, pwani ndicho kinachodai uangalizi zaidi.

Kusafisha bawaba hakuhitaji vifaa vya ajabu. Anza na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Sugua kitako kisu kikiwa wazi, halafu kikiwa nusu, kisha pitisha kijiti cha meno ndani ya mfereji wa mpini kutoa vumbi. Suuza kwa maji baridi, kausha. Mpini wa mti au pembe usiuloweke. Uelekeze juu, kengee ikiwa chini, ili maji yasiukimbilie, wala usiuanike juani, maana pembe hupasuka kuanzia kwenye misumari. Kisha weka matone mawili ya mafuta ya taa kwenye bawaba, fungua na funga mara ishirini. Yatatoka majimaji mekundu au meusi. Futa, rudia, mpaka yatoke meupe. Kisu kilichotelekezwa huchukua raundi sita au saba, na wengi hukata tamaa kwenye ya tatu. Mwisho weka tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja kweli. Yakizidi huvuta vumbi, na vumbi hurudisha unyevu.

Kuhusu mafuta, watu hukosea kwa nia njema. Mafuta ya alizeti yakikaa hugeuka gundi, na kisu kinafunguka kwa shida kuliko mwanzo. Mafuta ya nazi yanafaa kupaka kengee inayokata chakula, ila si bawaba: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukipanda nacho Lushoto kisu kinakuwa kizito mkononi. Mafuta ya kupulizia ya kopo hufukuza maji vizuri lakini hayakai. Mafuta ya cherehani yanapatikana kila mtaa Ngamiani, ni mepesi, na hayagandi.

Sasa visu vyenyewe. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza kutengenezwa Savoie mwaka 1890, ndiyo wengi huanza nayo kwa kuwa ni nyepesi na ni rahisi kueleweka. Namba 8 ina kengee ya sentimita 8.5, na pete yake ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Ubaya wake pwani ni mti. Haina springi, kengee inabanwa na mpini wenyewe, na masika yakiingia mti unavimba hadi kucha haziwezi kuitoa kengee. Usitumie koleo. Rudisha pete pale inapoachia kengee, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza ngumu. Kengee itachomoza kidogo, uishike hapo. Dawa ya kudumu ni kukikausha siku kadhaa ndani ya nyumba, kisha kuyeyusha mafuta ya mgando na kuyaingiza kwenye mfereji wa bawaba kabla mti haujanyonya maji tena. Wengine hukimbilia msasa ndani ya mfereji. Ikifika kiangazi kengee inalegea, na mti uliokwishaliwa na msasa haurudi.

Okapi ina historia inayotugusa zaidi. Ilitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, wakati Tanga yenyewe ikiwa chini ya Wajerumani. Leo inatengenezwa Afrika Kusini. Mpini una nakshi za nyota na mwezi, na mgongoni kuna pete ya kuvuta ili kengee iachie. Chuma chake hunoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile. Inapofunguka hulia kwa vituo, tra-tra-tra, na mlio huo peke yake unatosha kumshtua mtu aliyekaa pembeni yako.

Kwa hali ya hewa yetu, ninachokipendelea ni Douk-Douk, kinachotengenezwa Thiers, Ufaransa, tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati moja la chuma lililokunjwa. Hakuna mti wa kuvimba, hakuna shaba, hakuna pembe ya kupasuka. Unaweza kukisafisha chote kwa maji ya moto bila hofu. Springi yake ni kali kiasi cha kuvunja kucha, na kengee ni chuma cha kushika kutu, lakini uchafu wote unauona na unaufikia. Victorinox ya mpini wa alumini nayo ni chaguo zuri kwa mtu anayeshinda karibu na maji. Ila neno “inox”, yaani chuma kisichoshika kutu, ambalo kiwanda hicho kilijiongezea mwaka 1921, lisikudanganye: chuma cha aina hiyo kikiachwa na chumvi hupata vidoti vidogo vinavyochimba kwenda ndani.

Kazi inayokiharibu kisu zaidi hapa ni ile inayoonekana nyepesi kuliko zote: chungwa. Chungwa la Muheza hubaki na kijani hata likiwa limeiva, na ganda lake ni jembamba. Kulimenya vizuri, kisu kinatulia na chungwa ndilo linalozunguka. Kidole gumba kinasukuma ganda lielekee kwenye makali, na unachukua ile ngozi ya juu tu, ukiacha weupe wote, mpaka utepe mmoja uning'inie bila kukatika. Tazama kengee wakati huo. Ganda linarusha ukungu mwembamba wa mafuta yake, ule unaowasha ukiingia jichoni, na mafuta hayo huyeyusha mafuta ya cherehani. Yanaisafisha bawaba kabisa, kisha asidi ya chungwa inafuata nyuma ikikuta chuma kitupu. Ndiyo maana kisu cha machungwa huoza bawaba hata kama kengee inafutwa kila mara kwa khanga. Baada ya machungwa matatu, suuza bawaba, kausha, tone moja. Embe nalo ni hivyo hivyo.

Rangi ya kijivu au ya samawati inayoachwa na matunda kwenye chuma cha kushika kutu usiiondoe. Ni ganda gumu linalokinga kidogo. Wekundu ndio adui. Usugue na mafuta na kitambaa, au msasa laini wa 1000 ukiwa umeshika mizizi.

Kunoa nitakueleza kwa ufupi, kwa sababu kinoo cha pande mbili cha dukani kinatosha. Kwa kengee yenye upana wa milimita 15, inua mgongo wake milimita 4 hadi 5 kutoka kwenye jiwe, uvute kwa mwinuko huohuo mpaka usikie kwa kidole ukingo mwembamba umekunjikia upande wa pili urefu wote wa makali. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha malizia kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kwa kurudi nyuma. Jaribu kwenye kamba ya katani, si kwenye karatasi: kamba ya unene wa kidole ikatike kwa mvuto mmoja au miwili. Makali yakiteleza juu ya nyuzi, ukingo ule bado haujaondoka. Usimpe kisu cha kukunja mnoaji wa gurudumu kavu la umeme. Kengee ni nyembamba, inapata moto sekunde chache, na ukiona rangi ya bluu kwenye makali ujue chuma cha hapo kimelainika na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo inolewe yote iishe.

Ukinunua kilichotumika, acha kutazama urembo kwanza. Kishike kwa mpini, bana ncha ya kengee, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, bawaba imelika. Fundi anaweza kuikaza kwa kuchomeka kipande cha kopo la soda kati ya kitako na bati, kisha kugonga kichwa cha msumari kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, na kuchomoa kipande hicho. Pasipo kipande, msumari hukaza kupita kiasi na kisu hakifunguki. Halafu kifunge, upapase mdomo wa mfereji wa mpini: ncha isiguse kidole. Ikichomoza itakutoboa mfuko na paja. Tiba yake ni kupitisha tupa mara mbili tatu kwenye kile kijinundu cha kitako kinachokaa juu ya springi, ukijaribu kila mara, maana ukipitiliza makali yataanza kugonga springi na kuingia pengo katikati.

Soma pia maandishi ya kitakoni. Jina Solingen, la mji wa visu wa Ujerumani, linalindwa kisheria huko tangu mwaka 1938, lakini waigaji hawaogopi sheria ya mbali, kwa hiyo tazama kama herufi zimegongwa au zimechorwa juu juu. Laguiole ni jina la kijiji cha Ufaransa lililotumiwa na watengenezaji wa nchi nyingi. Neno hilo peke yake si ushahidi wa kilikotoka. Mpini wa pembe ya ndovu uache hata ukipewa bure. Ni nyara za Serikali, na kukutwa nao bila kibali ni kosa kubwa.

Kutembea nacho kunataka adabu. Mfuko wa kushoto kisu, wa kulia funguo na sarafu, visikwaruzane. Usikifungue kwenye daladala wala katikati ya maneno makali. Kanuni ya Adhabu inakataza kubeba silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu. Uwanja wa ndege kiende kwenye begi linalopakiwa, mahakamani kibaki nyumbani. Mtu akiomba umwazime, “Shikamoo mzee, kisu hiki hapa,” kiwe kimefungwa, au mpini ukimwelekea yeye.

Visu vinavyopumzika visilale kwenye ala za ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuugandisha kwenye chuma. Vifunge kwa kitambaa cha pamba kilichoguswa na mafuta, uviweke ndani ya bati lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kila mwezi uvifungue na kuvisikiliza. Wakati wa masika kila wiki. Kama kipo chenye mpini wa zamani wa seluloidi, aina ya plastiki ya kale, ule wenye rangi za mawimbi unaonukia kafuri, kiweke peke yake. Seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi, joto la pwani huuharakisha, na ndani ya bati lililofungwa kisu hicho kimoja kitavitia kutu vyote vilivyolala navyo.