Mche huu umetokana na mti mama upi?

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza kutoka Florida vikonyo vya mkonge, yaani vimche vinavyoota kwenye mlingoti wake, na katika shehena hiyo ni miche 62 tu iliyofika hai kwenye ardhi yetu. Kwa kuwa mkonge huzalishwa kwa vikonyo na maotea, ambavyo ni nakala kamili za mmea uliovitoa, mashamba makubwa ya Tanga yalianzia kwenye kundi dogo mno la vinasaba. Shambani ufanano huo una faida yake, maana korona, mashine ya kukwangua nyuzi za mkonge, inahitaji majani yanayolingana. Kwa miti ya barabarani hauna faida yoyote.

Upandaji miti mjini kwetu hupimwa kwa idadi ya miche, na mara chache kwa idadi ya aina za miti. Sijasikia hotuba hata moja ya siku ya kupanda miti iliyouliza miche ile imetokana na miti mama mingapi, na swali hilo naliona kubwa kuliko yote mawili. Mielmu ya Kiingereza, miti mikubwa ya Uingereza iliyoteketea kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1960 kwa ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mbawakawa, ilionekana katika utafiti wa vinasaba wa mwaka 2004 kuwa ni nakala za mti mmoja. Nchini Marekani miji mingi iliyopoteza mielmu ilipanda miti mingine, miashi, na mwaka 2002 mdudu atobolaye miashi, mwenye asili ya Asia, akagunduliwa karibu na Detroit. Frank Santamour, mtaalamu wa vinasaba vya miti wa Marekani, alikuwa ameshapendekeza mwaka 1990 kwamba aina moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji, jenasi moja asilimia 20, na familia moja asilimia 30. Ni kanuni nzuri, lakini mji unaweza kuitimiza huku kila aina ikiwa imetoka kwa mama mmoja.

Kwetu hali hiyo huzaliwa kitaluni, bila nia mbaya ya mtu. Mbegu za mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo mwenye kitalu huokota zilizodondoka chini ya mti ulio karibu naye, hujaza viriba vyake, na mtaa mzima hupandwa ndugu wa tumbo moja. Mifikasi ni zaidi ya hapo, kwa sababu hupandwa kwa vipandikizi.

Nyuma ya nyumba ninamoishi, Chumbageni mjini Tanga, nimepanga viriba vya mikwaju kwa safu, kila safu na mama yake, na kwenye kijiti nimeandika mahali mbegu zilipookotwa. Wakati wa kaskazi nilipunguza maji kwa makusudi. Safu iliyotoka kwenye mkwaju wa Mwambani, pwani ya Tanga, uliozoea upepo wa chumvi, ilishika majani kwa muda mrefu kuliko nyingine, lakini hata humo miche kadhaa ilipukutika, na katika safu dhaifu kabisa mmoja ulisimama kijani kibichi hadi mwisho. Tofauti hiyo ya ndani ya safu ndiyo inayonifanya nisikubali ushauri wa kuchukua mbegu za mti mmoja uliothibitika kuwa hodari, kwa sababu uhodari mbele ya chumvi hausemi lolote kuhusu mdudu ambaye bado hajafika bandarini.

Wakusanyaji wa mbegu za misitu hushauriwa kuchukua kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 hadi 100, ili isiwe ndugu. Mjini idadi hiyo inawezekana: tuchague miti iliyohimili vumbi, udongo ulioshindiliwa na kukatwa mizizi kando ya lami, kisha tuchanganye mbegu zake kwa vipimo sawa kabla ya kuzisia. Halmashauri inaponunua miche, mkataba udai orodha ya miti mama na mahali ilipo, kama unavyodai urefu wa mche na bei yake.