Jumamosi sita za Kwaresma

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku Kwaresma inapoanza, iliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Hapa kwetu Mbagala tumechanganyika, ukuta kwa ukuta, na jirani yangu akanichokoza: "Mama, na nyinyi mmeanza? Mbona nasikia harufu ya chai?" Nikaona aibu. Nikaapa nami nitafunga mpaka magharibi, siku zote arobaini ukitoa Jumapili.

Siku ya tatu kichwa kinagonga, kila anayenisemesha namjibu kwa ukali. Siku ya nne dada wa kazi alivunja bakuli nikamwambia mshahara wake wa mwezi ule asahau. Jioni nilikunywa uji nikijiona nimemtumikia Mungu.

Kilichoniokoa ni jumuiya, kile kikundi chetu cha waumini majirani kinachosali nyumba kwa nyumba. Mwinjilisti wetu alikuwa amepanga tuipitie Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, kile Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alichokiandika mwaka 1529 baada ya kutembelea sharika na kukuta hata wachungaji wengine hawaijui Sala ya Bwana. Sehemu zake kuu ni sita, na kabla ya Juma Kuu tulikuwa na Jumamosi sita. Tukakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila wiki nyumba tofauti: amri, imani, sala, ubatizo, ungamo, Meza ya Bwana.

Nilidhani nitapita kirahisi, maana kipaimara nilipata. Kumbe! Amri nazikumbuka, lakini majibu ya "maana yake ni nini?", lile swali linalofuata kila amri, yamefutika yote. Sisi wenye simu tulisoma, bibi mmoja asiyeona vizuri akatamka kwa moyo, bila kukwama, kama anayehesabu wajukuu. Nikaanza kukariri upya kwenye daladala, kifungu kimoja asubuhi, kingine jioni. Mara mbili nilipitishwa kituo.

Jumamosi ya tano, Aprili 5, ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Ungamo. Luther anauliza tuungame dhambi zipi, kisha anamrudisha mtu kwenye nafasi yake: wewe ni baba, mama, mtoto, bwana au mtumishi? Umemuumiza mtu kwa neno au kwa tendo? Mwinjilisti anasoma, na dada anapita katikati yetu na birika la chai. Sikuinua macho. Watu walipoondoka nilimwita jikoni, nikampa mshahara wake wote na kumwomba radhi. Alihesabu zile noti mara mbili. Alikuwa na haki ya kuhesabu.

Wiki iliyofuata, kwenye sehemu ya Meza ya Bwana, nikakutana na sentensi ambayo laiti ningeisoma Machi: kufunga ni matayarisho mazuri ya nje, lakini anayestahili kushiriki ni yule anayeamini maneno "kwa ajili yenu". Nilicheka peke yangu, watu wakageuka.

Sikuacha kufunga kabisa. Nilibakiza Jumatano, kwa sababu ibada ya jioni inaangukia siku hiyo, na fedha ya chakula cha mchana ikaingia kwenye bahasha ya sadaka. Alhamisi Kuu nilikula ugali na dagaa saa kumi, nikaenda kanisani nimeshiba. Yule bibi alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya kushiriki, midomo ikicheza. Nilijua yuko sehemu gani.