Kaka, umenitumia picha

Ijumaa moja jioni niliituma ripoti ya kurasa 42 kwa ofisi nzima, nikafunga laptopu nikasema basi, wikiendi imeanza. Jumatatu sijakaa vizuri kwenye kiti nakuta meseji ya mwenzangu wa uhasibu: "Kaka, umenitumia picha." Nikamjibu hapana, ni ripoti, PDF, fungua tena. Akajibu: "Nimefungua. Ni picha. Njoo."

Huyu jamaa haoni tangu utotoni, anatumia NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Nimefanya naye kazi miaka mitatu na sikuwahi hata siku moja kukaa pembeni yake nikaona anavyofanya kazi, hilo nalisema kwa aibu. Akachomoa earphone ili na mimi nisikie, ile sauti ilikuwa inaenda mbio kiasi kwamba sikuambulia hata neno, akacheka akaipunguza. Akafungua ripoti yangu. Sauti ikataja jina la faili, ikasema ukurasa ni mtupu, ikanyamaza. Kurasa 42, wiki tatu za kazi, na kwake hakuna kitu humo ndani.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye mhuri. Ripoti niliiandika kwenye Word vizuri tu, nikaprinti, bosi akasaini ukurasa wa mwisho, katibu akagonga mhuri, halafu mimi nikaskani kurasa zote 42 nikatuma hizo. Yaani kwa ajili ya sahihi moja niligeuza maandishi yote kuwa picha za karatasi. Wewe unayeona unasoma tu wala hushtuki, lakini kwa kompyuta hapo hakuna herufi hata moja, ni madoa meusi juu ya weupe. Ukitaka kujua kama faili lako liko hivyo, jaribu kuburuta mausi juu ya neno moja ulichague, au bonyeza Ctrl na F utafute neno unalojua limo. Ukikosa, umetuma picha.

Najua mtu atasema kuna programu za kutambua maandishi kwenye skani. Zipo na zinasaidia, hasa kwa makaratasi ya zamani ambayo orijino yake haipo tena. Ila skani yetu ilikuwa imepinda, mhuri umekaa juu ya tarakimu, 3 ikasomwa 8, na kwenye ripoti ya fedha hiyo siyo kosa la kucheka nalo. Halafu kwa nini uvunje yai kisha uanze kuliunga wakati faili zima la Word unalo kwenye mashine? Siku hizi karatasi yenye mhuri inakaa kwenye kabati, na kinachotumwa ni PDF iliyotoka kwenye Word moja kwa moja.

Basi nikamtumia hiyo ya Word, kifua mbele. Akasema sasa inasomeka, asante, halafu akabonyeza herufi H. Sauti ikamwambia hakuna kichwa kinachofuata. Nikamwambia vichwa vipo bwana, nimevikoleza na nikaongeza saizi ya fonti. Akanieleza taratibu kama unavyomweleza mtoto: wewe ukishika ripoti huisomi kuanzia neno la kwanza, unapitisha macho, unaona kichwa cha bajeti unatua hapo, na mimi nafanya hivyohivyo kwa herufi H, narukia kichwa hadi kichwa. Sasa kama umekoleza tu, programu inaona maneno ya kawaida yaliyonenepa. Bila vichwa inabidi nisikilize kurasa 42 mfululizo, nikipitwa na kitu nirudi nyuma kwa kubahatisha.

Dawa yake ni zile stailo za hedingi za Word ambazo nimeziona miaka yote pale juu nikidhani ni mapambo. Hedingi 1 kwa sura, 2 kwa sehemu, 3 kwa vipande vya ndani, na usiruke ngazi. Faida ya pembeni ni kwamba yaliyomo yanajitengeneza yenyewe, mimi nilikuwa nayaandika kwa mkono na kuhesabu vidoti hadi namba ya ukurasa, miaka yote hiyo jamani. Na hapa kuna mtego ulionikamata baadaye: ukitengeneza PDF kwa njia ya kuprinti, ile ya kuchagua printa ya PDF, alama zote hizo za vichwa zinafutika. Pita kwenye kuhifadhi kama PDF au kueksporti, na hakikisha kile kiboksi cha alama za muundo kimetikiwa.

Jedwali ndilo lililonimaliza nguvu. Nilikuwa na jedwali la bajeti nililojivunia, nimeunganisha seli huku na kule ili lipendeze. Tukalisikiliza. "Mia nne na kumi. Tupu. Tupu. Mia mbili sitini. Tupu." Mia nne na kumi ya nini? Ya robo ipi? Hakuna anayejua. Nilipolivunja kuwa majedwali mawili ya kawaida, hakuna seli iliyounganishwa, mstari wa juu kabisa nimeutambulisha kuwa ndio vichwa vya jedwali, sauti ikaanza kutaja jina la kolamu kabla ya kila namba. Lilikuwa baya kwa macho kidogo, sikatai. Nimelizoea.

Kwenye picha na grafu nilikuwa mvivu zaidi. Nilisikia kuna maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi ya picha ambayo programu inamsomea asiyeona, nikaenda kwenye grafu nikaandika "grafu". Jamaa akasikiliza, akasema: "Nimejua ni grafu. Sasa inasema nini?" Nikaandika upya: matumizi ya usafiri yamepanda kila robo, robo ya nne yamezidi bajeti. Sentensi moja, na kusema kweli ndiyo sentensi iliyokosekana hata kwenye ripoti yenyewe. Kama picha ni pambo tu, weka alama kwamba ni pambo, iachwe ipite. Na yale maelezo ambayo Word inakupendekezea yenyewe, yasome kabla ya kuyakubali, mimi iliniandikia mambo ya ajabu kuhusu nembo yetu.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni lugha. Laptopu za ofisi zimekuja na Kiingereza, kwa hiyo kila dokumenti ya Kiswahili tuliyoandika ilikuwa imetambulishwa kuwa ni ya Kiingereza, na sauti inasoma Kiswahili chetu kwa matamshi ya mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana. Mwenzangu ameshazoea kukisia. Ukichagua maandishi yote ukaweka lugha kuwa Kiswahili, sauti inabadilika, maana NVDA inakuja na sauti ya Kiswahili ndani yake. Dakika moja tu ya kazi, na tulikuwa hatujui.

Mengine nayapitia haraka. Maandishi ya kijivu juu ya weupe yanaumiza watu wenye uoni hafifu, WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya mtandao yawafikie wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Usitumie rangi peke yake kusema jambo, tulikuwa na jedwali la miradi lenye nyekundu na kijani na kuna mwenzetu haoni tofauti ya hizo mbili, alikuwa ananyamaza tu kwenye vikao. Linki isiandikwe "bonyeza hapa". Video iwe na maandishi chini kwa ajili ya viziwi. Na fomu yetu ya likizo yenye mistari ya vidoti, ile isikilizeni siku moja mjue mateso ni nini: nukta nukta nukta nukta.

Bosi nilipompelekea habari hii aliuliza kama tunabadilisha mambo yote kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu, wengine humu ndani hawajasema tu. Nikamwambia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa Haki za Watu wenye Ulemavu unataka habari ziwafikie. Akasikiliza kiheshima. Kilichomgeuza ni swali la jamaa mwenyewe: hati yangu ya mshahara nayo mnaituma imeskaniwa, unajua nani ananisomea? Mtoto wa dada yangu. Chumba kikawa kimya.

Mtu mmoja alipendekeza tuanze na kurekebisha mafaili yote ya miaka kumi. Nikakataa, hilo ni shimo, tungechoka mwezi wa kwanza. Tukaanza na templeti ya ripoti, ya barua na ya muhtasari wa kikao, kisha hati za mshahara na fomu ya likizo, ya zamani yanarekebishwa mtu akiyahitaji. Word ina kikaguzi chake cha kuangalia kama dokumenti inawafikia wenye ulemavu, tunakitumia kabla ya kutuma lakini nisikudanganye, kinaona kama picha ina maelezo, hakijui kama maelezo yana maana. "Picha 1" kwake ni sawa kabisa.

Wiki iliyopita nimetuma ripoti ya robo. Zamani jamaa alikuwa anajibu "imepokelewa", baada ya siku tatu. Safari hii sijamaliza hata chai: "Kaka, ukurasa wa 9, jumla yako imezidi kwa kumi na mbili." Nikahesabu mara mbili. Imezidi kweli.