Moduli hasi kwenye msururu wa Prony: jinsi nilivyotatua

Dalili: modeli ya Maxwell yenye matawi 8 (kila tawi ni springi na kizuia-mwendo; jumla ya matawi ndiyo msururu wa Prony) ilipita juu ya data ya polima, iliyopimwa kwa marudio mbalimbali, vizuri kabisa, ila moduli (ugumu wa springi) mbili tatu zilitoka hasi, na kila nikibadilisha makisio ya kuanzia napata namba nyingine. Kupunguza matawi hakukusaidia. Kuongeza mizunguko ya kukokotoa, vivyo hivyo.

Kilichosaidia ni kuacha kutafuta τ (muda wa kulegea wa tawi) na E (moduli yake) kwa pamoja. Panga τ mwenyewe, moja kwa kila hatua ya mara kumi (0.01, 0.1, 1, 10 s...), kuanzia 1/ω kwa ω (marudio kwa radiani kwa sekunde) ya juu kabisa hadi 1/ω kwa ω ya chini kabisa. Sasa tatizo ni la mstari (E haizidishwi na E nyingine), ambapo E′ ni moduli ya kuhifadhi nishati, E″ ya kuipoteza, na E∞ ugumu unaobaki baada ya muda mrefu: E′ = E∞ + ΣEᵢω²τᵢ²/(1+ω²τᵢ²), E″ = ΣEᵢωτᵢ/(1+ω²τᵢ²). Tatua kwa `nnls` ya SciPy (maktaba ya Python), ambayo hairuhusu hasi; tawi likitoka 0, lifute.

Kabla ya hapo, gawa kila mlinganyo (mmoja kwa kila kipimo) kwa thamani yake iliyopimwa, upande wa kulia ubaki 1 mtupu. Bila hivyo, namba za 10⁹ Pa za upande wa kioo (polima ikiwa ngumu) zinameza zile za 10⁶ za upande wa mpira (ikiwa laini).

Kisha kile kidude kilichonisumbua zaidi: mashine hutoa Hz, fomula inataka radiani kwa sekunde. Zidisha kwa 2π. Kilele cha E″ cha tawi moja kikiwa 1 Hz, τ ni 0.159 s, si 1 s. Grafu ya marudio haikuonyeshi kosa hili. Utaliona kwenye jaribio la kulegea tu (unavuta, unashikilia, unatazama mkazo ukishuka), mkunjo ukichelewa mara 6.28.