Wiki nane za huduma mjini Mbeya: panga wiki ya mwisho kwanza

Kwa mwanachuo anayekwenda likizo kuhudumia watoto wa mitaani Mbeya kupitia kanisa, kitu cha kwanza kuweka kwenye begi ni sweta. Likizo ndefu ya vyuo huanza Julai, na Mbeya mwezi huo ni baridi kweli. Mji uko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi pumzi inatoka kama moshi, na Agosti ukiingia upepo wa vumbi unajiunga. Anayepanda basi Dar es Salaam na fulana tatu za kwaya ataanza huduma kwa kuchambua mitumba soko la Mwanjelwa.

Kosa la pili ni la kalenda. Shule za msingi hufunga Juni na kufungua mapema Julai, kwa hiyo mwanachuo anafika na ratiba nzuri ya "juma la watoto" kila asubuhi, halafu anahubiria mabenchi. Watoto wa jirani wanaosoma wapange kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi asubuhi. Asubuhi za katikati ya wiki ziende sokoni na vituo vya daladala. Mtoto utakayemkuta kituo cha Kabwe Jumanne saa nne asubuhi akiokota chupa za plastiki hayupo kwenye daftari la mahudhurio la mwalimu yeyote siku hiyo, na huyo ndiye huduma ya mjini inamtafuta.

Kabla ya hayo kuna karatasi. Beba barua ya mchungaji wako, ya chuo kama ni fildi (mafunzo kwa vitendo), na nakala ya kitambulisho. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine ipeleke ofisi ya mtendaji wa mtaa, ukifuatana na mzee wa kanisa anayejulikana pale. Usiende peke yako. Mgeni anayeongea na watoto sokoni bila mwenyekiti wa mtaa kumfahamu ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Jambo dogo: kusanyiko la kanisa Walutheri wanaliita usharika, Wamoravian ushirika. Ukichanganya kwenye barua hakuna atakayekusuta, ila karani atatabasamu.

Sasa kazi yenyewe. Panga kuanzia wiki ya nane kurudi nyuma. Jiulize nani ataendesha kila kitu siku uliyopanda basi kurudi chuoni. Kama hakuna mama anayefundisha watoto Jumapili aliyekubali kuendeleza uji wa Jumamosi, uji usianze. Kama hakuna kijana wa ushirika atakayefundisha kusoma, darasa lisifunguliwe. Vipindi vinavyozimika Septemba vinaumiza kuliko visivyoanza, kwa sababu watoto hawa wameshaachwa na watu wengi kabla yako. Wiki ya kwanza na ya pili ni za kutembea nyuma ya mwinjilisti na kusalimia. Shikamoo kwa kila mkubwa, na kwa bibi wa Kinyakyusa salamu ya "mwagonile" hufungua mlango haraka kuliko utambulisho wa chuo.

Nunua kaunta buku (daftari kubwa lenye jalada gumu) na uichore mistari: tarehe, jina analotumia, alikotoka, nani anamfahamu hapa mjini, amesema nini, nimeahidi nini, lini. Jina liandike kwa penseli. Mvulana yuleyule anaweza kuwa na jina moja kwa mgambo, jingine kwa mama lishe na la tatu kwako. Usimbane, likibadilika, futa na uandike jipya. Safu inayookoa huduma ni ya ahadi. "Nitakuletea viatu" inatoka mdomoni kwa sekunde mbili, na yeye ataikumbuka mwezi mzima. Ijumaa msomee mlezi wako wa kanisani safu hiyo peke yake, kwa sauti. Wiki ya tatu utakuta umeanza kuahidi kidogo.

Yapo mambo yasiyoandikwa humo. Mtoto akikwambia amepigwa, amebakwa au ana mimba, usimhoji kama polisi na usimwahidi siri. Mwambie unamwita mtu anayeweza kusaidia, kisha siku hiyohiyo mjulishe mlezi na afisa ustawi wa jamii wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu za watoto, na kupiga ni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, hivyo kijana wa miaka 17 anayesukuma mkokoteni bado yumo. Kumrudisha nyumbani Chunya au Kyela nako si kazi yako. Familia hutembelewa kwanza na watu wa ustawi. Nauli ukimpa mkononi itaishia palepale stendi, naye usiku atakuwa kwenye kibaraza kilekile, sasa akikukwepa.

Uji wa Jumamosi, vikombe 60 vya robo lita, unataka lita 15 za maji, unga kilo moja na nusu, sukari robo tatu ya kilo na chumvi kidogo, kwenye sufuria ya lita 20. Chemsha lita 12. Lita tatu za baridi koroga na unga hadi mabonge yaishe, ndipo umimine huku mwingine akikoroga kwa mwiko mrefu. Ukishakuwa mzito uache utokote dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo. Wengi wanauepua mapema kwa sababu foleni inapiga kelele, na unga mbichi unawauma watoto matumbo. Unga wa lishe wenye karanga nunua kwa wiki moja tu na ukague harufu. Uliovunda unaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kuchemsha hakuiondoi. Ukitaka kupika maharage, loweka usiku kucha: kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na bila kuloweka mkaa utakwisha kabla hayajaiva.

Uji uje kabla ya somo. Ukiuweka mwisho, Neno linageuka kiingilio, na watoto ni wepesi kuliona hilo. Somo dakika 20 zinatosha: hadithi moja, mstari mmoja, wimbo wenye vitendo. Wawepo watu wazima wawili kila mara, mlango wazi, na hakuna mtoto anayelala chumbani kwa mwanafunzi hata mvua ikinyesha. Picha za nyuso usipige. Mtoto aliyekimbia nyumbani huenda kuna mtu anamtafuta kwa nia mbaya, na simu yako haijui kumficha.

Namba ya simu wape ya kanisa tangu siku ya kwanza, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi gumu. Karatasi huloa mfukoni. Ukiwapa yako watakubipu hadi Desemba, na utakuwa kwenye mtihani huku mvulana anasimama Mafiati, hukohuko Mbeya, na simu ya kuazima.